Mama Aliyekula wa Mwisho

Kabla hajakusalimu alikuwa ameshakuuliza kama umekula wali. Alimwuliza mpeleka barua, alimwuliza fundi wa boila la maji moto, alimwuliza hata daktari wake huku amelala chali anabonyezwa tumbo. Umekula wali? Ukijibu bado, umekwisha: viatu utaviacha mlangoni na utaketishwa. Ukijibu ndiyo, atakukazia macho aone kama unadanganya. Nilikaa naye miezi minane katika nyumba ya matofali huko Plumstead, kusini-mashariki ya London, na sikumbuki siku aliyouliza swali hilo bila sufuria kufunuliwa.

Naandika habari zake kwa hasira, nakiri mapema. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu ya ofisi moja yenye watu wa adabu sana. Iliyobaki ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuja London kujitolea. Mpango ulikuwa wa shirika moja la hisani: vijana wa nchi mbalimbali huja kwa mwaka mmoja, huhudumia wazee kwenye ukumbi wa kanisa, huwapakulia supu na kuwasikiliza, na kwa malazi hupewa familia ya kuishi nayo. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wa Ngamiani nzima, kule Tanga, kwamba mwanawe anakwenda kukaa na Wazungu. Mlango ulipofunguliwa alisimama mbele yangu mama mfupi aliyepita miaka sabini, sari chini, sweta mbili juu, kofia ya sufu kichwani. Kwa mazoea niliinama nikasema shikamoo. Neno hakulijua, lakini kuinama alikujua, akaniwekea mkono kichwani. Ndipo akaniuliza swali lake.

"Nimekula kwenye ndege," nikasema kwa haya.

"Ndege si nyumba," akajibu, akaelekea jikoni.

Baadaye nilimpigia mama yangu simu kumwambia kuwa wenyeji wangu ni Wanepali. Akauliza, "Kwani Waingereza wamekwisha?"

Nyumbani mle walikuwa wawili tu, yeye na mwanawe wa pekee, dereva wa mabasi ya ghorofa. Mumewe, marehemu, aliwahi kuwa askari wa Mwingereza, na picha yake ilining'inia juu ya televisheni. Kiingereza cha mama huyu kilikuwa cha vipande na changu kilikuwa cha darasani, tukakutana katikati. Aliniita chori, kwa lugha yao binti. Nami nikamwita Mama, kwa kuwa kumwita kwa jina mwanamke wa umri ule ulimi wangu ungekataa.

Kila mgeni aliyepita katika nyumba ile alikuwa na sahani yake. Zilikuwa sahani za chuma kisichoshika kutu, zimesimamishwa ubavu kwa ubavu juu ya kabati, na nyuma ya kila moja alichora alama kwa ncha ya msumari. Kabla yangu walipita kumi. Alichukua ya kumi na moja siku ya pili, akaniuliza kwetu kuna nini. Nikamwambia kuna bahari. Akachora samaki ambaye hadi leo nabishana naye moyoni kama ni samaki au kiatu. Wageni walipoondoka sahani zao zilibaki palepale, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzilia. Mara moja kwa wiki alizishusha zote akazisugua kwa majivu na limau, ingawa wenye nazo wengine walikuwa wameshazaa huko kwao.

"Nchi hii ina sahani nyingi kuliko walaji," alipenda kusema, akiwa na maana ya nyumba za jirani ambamo kila mtu anakula chumbani kwake.

Kwa mambo ya jikoni alikuwa dikteta. Kijana wa kike aliyenitangulia, anayetoka nchi nisiyoitaja, aliwahi kuchota mchuzi wa dengu kwa upawa, akauonja kwa mdomo, akaurudisha upawa sufuriani.  Mama aliibeba sufuria nzima akaimwaga, akaanza upya kuchagua dengu. Kwao chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu mmoja si cha mwingine tena. Hadithi hii nilisimuliwa baadaye na mwanawe, na nilipoisikia nilishukuru mafunzo ya bibi yangu. Maana siku ya kwanza niliyopewa kuonja chumvi nilidondoshea mchuzi kiganjani, kama tunavyofanya kwetu, nikalamba kiganja, nikaenda kunawa. Alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Kuanzia siku hiyo niliruhusiwa kusimama upande wake wa jiko.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa taratibu peke yake. Mama huyu, aliyepiga kengele ya sala kila asubuhi na kuwasha udi, alikuwa mpenzi wa mieleka. Jumamosi alikaa mbele ya televisheni, sauti juu kabisa, akimshangilia jitu moja lenye nywele ndefu na kumtukana mwamuzi kwa Kinepali. Alisema Waingereza hawasikilizi, hata ukipiga kelele, na papo hapo kila barua iliyotoka serikalini aliipiga pasi na kuihifadhi kwenye droo. Alihubiri kwamba punje ya wali isipotee, naye ndiye aliyemwaga sufuria nzima ya dengu. Ukimwonyesha kwamba maneno yake yanapingana, alijibu, "Nina umri wa kutosha kuwa watu wawili."

Katika bustani za mbele ya nyumba wenzake walipanda waridi; yeye alipanda haradali. Majani yake aliyachachusha, akayaanika kwenye kamba ya nguo, na harufu yake ilileta malalamiko mawili ya jirani kwa maandishi. Aliyapiga pasi pia. Majira ya kuchipua alikwenda na koleo kwenye uwanja wa wazi juu ya kilima, akachuma yale majani yanayowasha, ambayo yakipikwa huwa mlenda mtamu ajabu. Siku moja mama mmoja wa Kiingereza alimwona ameinama na mfuko, akamhurumia, akampa karatasi yenye anwani ya mahali wanapogawa chakula cha msaada. Mama aliipapasa karatasi ile kwa vidole, maana kusoma Kiingereza hakujui, akaniletea nimwelezee. Nilipomweleza, masikio yalimbadilika rangi.

Wiki iliyofuata alinibebesha gunia la mchele la kilo kumi hadi mahali hapo. Aliliweka mezani, akawatazama watu waliosimama kwenye foleni na mifuko yao, akamwuliza msimamizi, "Viti viko wapi?" Msimamizi akasema hapa watu huchukua na kwenda zao. "Mnampa mtu chakula bila kumkaribisha kukaa?" Nilitamani ardhi inimeze, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa hisani na ukumbini kwetu tuliwapa wazee dakika arobaini na tano, tukaanza kukunja meza.

Juu ya kujitolea kwangu hakunibembeleza. "Yaani umetoka kwenu kuja kuwapa supu wazee wa huku," alisema jioni moja. "Na bibi yako anapewa supu na nani?" Nilikasirika, kwa sababu ni kweli iliyokuwa ikinikera hata kabla hajaisema. Nilipanda chumbani nikafunga mlango. Baada ya dakika chache aligonga kwa kiwiko, mikono yote miwili imeshika ile sahani yenye samaki. "Kasirika," akasema, "lakini kula." Nikala nikiwa nimenuna, naye akasubiri kule nje ya mlango mpaka aliposikia nimemaliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mama yule hakuwahi hata siku moja kukaa mezani kula nami. Alinipakulia mimi, akampakulia mwanawe, kisha akasimama kando ya jiko na upawa mkononi, akiongeza dengu kila unapofumba macho. Ukisema basi, anaongeza. Kuzuia kulihitaji kufunika sahani kwa mikono miwili, na hata hapo alitafuta upenyo kati ya vidole. Sote tukishanawa ndipo alipovuta kigoda kifupi, akajipakulia kilichobaki, akala haraka. Mimi sikuona ajabu. Bibi yangu Tanga hakula mpaka wa mwisho ameshiba. Yeye alikula ukoko jikoni, akiwa na furaha zake, na kumwambia aje akae mezani na sisi ingekuwa sawa na kumwambia hajui kazi. Kwa hiyo nilipoona mama wa watu, mbali kote huko, anafanya vilevile, nilijiona niko nyumbani. Laiti ningeshangaa kidogo, ningeandika kwa uangalifu.

Mwezi wa saba wa kukaa kwangu ofisi ilituletea fomu ya kueleza tunavyoishi. Ilikuwa na visanduku vya kuwekea alama. Je, una kitanda chako? Ndiyo. Je, una ufunguo? Ndiyo. Je, mwenyeji wako hula pamoja nawe: kila siku, mara kwa mara, au kamwe? Niliweka alama kwenye kamwe. Niliiweka kwa fahari, Mungu ni shahidi. Niliona ni kama kuandika kwamba napewa heshima zote za mgeni. Fomu haikuwa na mstari wa kuongeza neno, nami sikuutafuta.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, imeelekezwa kwake. Mwanawe aliisoma amesimama jikoni bado amevaa sare ya kazi, akitafsiri sentensi moja moja. Kwamba kuna wasiwasi kuhusu ustawi wa mgeni. Kwamba mgeni anatengwa wakati wa chakula. Kwamba jina la nyumba hii linaondolewa kwenye orodha ya wenyeji, na mgeni atahamishwa Ijumaa. Kwamba wanamshukuru kwa ukarimu wake wa miaka yote. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma zaidi, na bado linanichoma.

Nilianza kueleza. Mama alikuwa anageuza viazi. Hakugeuka. "Wameandika kwamba sikukaa nawe," akasema. "Ni kweli. Sikukaa." Kisha akanipakulia. Aliongeza dengu mara tatu kama kawaida yake. Hakunikaripia, na mimi ningetoa chochote anikaripie. Nilijua anaamini nimemshitaki.

Kesho yake nilikwenda ofisini, Croydon, nikapanda ghorofa ya tano ya jengo la vioo. Mratibu wa mpango alikuwa mwanamke mpole mwenye kitambulisho shingoni. Alinipa chai, akanikalisha kwenye kiti laini, akainamisha kichwa upande kuonyesha anasikiliza. Nilimwambia kila kitu. Nilimweleza kuhusu bibi yangu na ukoko, kuhusu sahani na samaki, kuhusu gunia la mchele.

"Ninakuelewa," akasema. "Ila huwa tunaona hivi mara nyingi. Mgeni akishajua atahamishwa anajiona na hatia, anarudi kubadilisha maneno. Kwetu sisi hiyo ni dalili kwamba ameshinikizwa."

"Kwa hiyo nikisema alinitenga, mnaniamini. Nikisema hakunitenga, mnasema nimeshinikizwa."

"Tunakulinda wewe."

"Mmemwuliza yeye?"

Akasema utaratibu hauruhusu. Nilisimama nikaacha chai yake bila kuigusa, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Kwenye treni ya kurudi nililia kwa hasira, na hakuna aliyenitazama.

Walinihamishia kwa familia nyingine, watu wema, sina neno nao. Jokofu lilikuwa na rafu yenye jina langu. Jioni tulikula pamoja, ndiyo, kila mtu na chakula chake kutoka kwenye mikrowevu, nyuso zote zimeelekea kwenye kioo kimoja cha televisheni. Ofisi ilipoleta fomu nyingine niliweka alama ya kila siku, na barua haikuja. Nilirudi Plumstead mara mbili kabla ya mwaka kwisha. Mara ya kwanza hakukuwa na mtu. Mara ya pili niliona taa jikoni, nikasimama upande wa pili wa barabara mpaka miguu ikafa ganzi, nikaondoka. Nilimwogopa. Nilienda zangu Tanga bila kumuaga, na kosa hilo siwezi kuitupia ofisi yoyote.

Miaka ilipita. Nilirudi London, safari hii kwa mshahara, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja kusini ya mto. Majira ya baridi yaliyopita nilipelekwa kuziba pengo katika wodi ya wazee. Kwenye kitanda cha dirishani niliiona kofia ya sufu kabla sijauona uso.

Alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza bustanini akichuma haradali. Amekuwa mdogo, karibu shuka tupu. Mwanawe alikuwa amesafiri kwenda Nepali kwenye msiba wa ukoo, bado siku sita arudi. Karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda niliisoma, na hasira yangu yote ya zamani ikaamka kana kwamba haikuwahi kulala. Anakataa chakula. Anakataa chakula. Anakataa chakula. Chini yake: Amechanganyikiwa, anawauliza wauguzi mara kwa mara kuhusu wali, tafsiri imetolewa na mkalimani kwa simu. Na mwisho: Daktari ataamua kesho kuhusu mpira wa kumlisha puani.

Hakuchanganyikiwa. Alikuwa anawasalimu.

Trei za mchana zilipokuja nilisimama kando nitazame kinachotokea. Aliwekewa yake mezani. Hakuigusa. Alikuwa anamtazama bibi wa kitanda cha pili, kisha wa tatu, kisha yule wa mlangoni ambaye mikono yake hutetemeka na kila kijiko kwake ni safari. Alikuwa anasubiri washibe. Na kabla yule wa mlangoni hajamaliza, mtu wa jikoni alifika na toroli lake, kwa saa yake, akanyoosha mkono kuchukua zote. Ndivyo ilivyokuwa mlo baada ya mlo. Alikuwa anasubiri zamu yake, na zamu yake ilikuwa inaondoka na toroli.

"Hii iache," nikamwambia mtu wa toroli. Akasema ana wodi nne. "Adhabu nitailipa mimi. Iache."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Macho yake yalinizunguka uso wote.

"Chori," akasema. "Umekula wali?"

"Bado, Mama."

Alifunua bakuli. Ulikuwa wali wa hospitali, uliogandamana, na mchuzi usio na kichwa wala miguu. Aliuchota, akauweka kwenye kisahani cha mkate, akamwagia mchuzi, akanisogezea. Sheria inakataza mfanyakazi kula chakula cha mgonjwa, na ipo kwa sababu nzuri, lakini nikala. Akaongeza. Nikala. Nikafunika kisahani kwa mikono miwili, naye akatafuta upenyo kati ya vidole vyangu.

"Mama, ile fomu," nikaanza.

"Kula kwanza."

Nilipomaliza alivuta bakuli kwake, akaanza kula, polepole, mpaka chini. Baada ya hapo ndipo akasema, kwa Kiingereza chake cha vipande ambacho hakuna aliyekitafuta walipompigia mkalimani simu, "Walikuuliza wewe kama nilikaa. Mbona hawakuuliza nani alipika?"

 Nilimwambia nilikosea, kwamba nilidhani naandika sifa. 

"Sahani yako ipo," akasema.

Nilikwenda kwenye karatasi ya miguuni. Safari hii nayo ilikuwa na visanduku: amekula chote, nusu, robo, amekataa. Mistari ya maelezo ilikuwa imeshajaa. Niligeuza karatasi, nikaandika nyuma kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza cha darasani, yale niliyopaswa kuyaandika miaka ile: Mama huyu hula wa mwisho. Msiondoe trei yake mpaka wengine wamalize. Akikuuliza kama umekula, anakusalimu. Mwacheni ampakulie mtu kwanza. Nikaweka jina langu, wakitaka kuniita ofisini wajue wa kumwita.

Asubuhi niliwahi zamu kabla ya daktari kupita. Alikuwa amelala, kofia imeshuka mpaka nyusi. Niligeuza karatasi. Chini ya maandishi yangu dada mmoja Mfilipino wa zamu ya jioni, ambaye hatujawahi kusemezana, alikuwa ameandika mstari mmoja na kutia sahihi.

Nimekula mimi. Kisha akala yeye.